Siku ya Kufungua Mwamba: Mwongozo Kamili kwa Anayekwenda Kula Pweza Kijijini

Kuna siku chache kwa mwaka ambapo kijiji kizima cha pwani hushuka ufukweni kwa ajili ya kitoweo kimoja tu. Mwamba uliofungwa, yaani uliokatazwa kuvuliwa, kwa miezi mitatu hivi unafunguliwa, maji yamekupwa, na kila mwenye mkuki, kijiti au ndoo anaingia kutafuta pweza. Kufikia adhuhuri mizani imening'inizwa, sufuria ziko jikoni, wachuuzi wa mjini wanahesabu noti, na mgeni aliyejipanga anakula pweza ambaye asubuhi ile alikuwa pangoni mwake. Wageni wengi huikosa siku hii ingawa wamefika. Wanaingia kijijini saa sita mchana, maji yanarudi, wanakula sahani moja, wanapiga picha na kuondoka. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kuipata siku yote, kuanzia kutazama mwezi hadi kumsafirisha pweza wako nyumbani bila kuharibika.

Elewa kwanza kwa nini mwamba ulifungwa

Pweza wa miamba yetu, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, huishi mwaka mmoja na kitu tu. Katika muda huo mfupi hukua kwa kasi kubwa: akiachwa miezi michache, pweza wa nusu kilo anaweza kufika kilo mbili na kupita. Jike hutaga mara moja maishani. Hujifungia pangoni na mayai yake, huyalinda bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kwa hiyo mwamba ukipumzishwa kwa msimu mmoja, kijiji kinapata faida mbili: waliokuwa wadogo wanapata uzito, na majike wanapata nafasi ya kutaga kabla hawajavuliwa.

Kijiji kinachotajwa sana kwa mtindo huu ni Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska. Wavuvi wa kabila la Vezo walifunga sehemu ya mwamba wao mwaka 2004 na walipoufungua wakapata pweza wakubwa kuliko waliowazoea. Habari hiyo ilisafiri, wavuvi wakatembeleana, na leo utakuta kufunga na kufungua Kizimkazi kusini mwa Unguja, Kisiwa Panza kule Pemba, na Pate upande wa Lamu. Mengi niliyoyaandika hapa nimeyapanga kwa kufikiria Kizimkazi, maana ndiko rahisi kwenda na kurudi siku moja ukitokea mjini Zanzibar.

Nakuomba ulibebe jambo hili unapokwenda. Kufunga mwamba ni gharama, na anayeilipa zaidi ni mwanamke anayevua kwa miguu. Mwanamume ana ngalawa na miwani ya kuzamia, anaweza kwenda mwamba mwingine wa mbali. Mwanamke anayechokoa pweza kwenye maji ya magotini hana kwingine karibu, na kwa miezi yote ile amelipita eneo lake bila kuligusa. Ukijua hivyo hutabishana naye bei kwa shilingi mia mbili.

Kupata tarehe

Usitafute tarehe kwenye kalenda ya matamasha. Siku ya kufungua hupangwa na kamati ya uvuvi ya shehia (eneo dogo la utawala, chini ya kiongozi aitwaye sheha), na huangukia bamvua, yaani zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa Zanzibar hufika karibu mita 4, na sehemu za mwamba zinazokuwa chini ya maji siku nyingine zote hubaki wazi. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, hakuna cha kufungua kwa mtu wa miguu.

Kwa hiyo fanya hivi. Ulizia kijijini mwamba ulifungwa lini na utafunguliwa mwezi gani. Ofisi ya sheha inajua, na wachuuzi wa pweza sokoni mjini wanajua hata mapema zaidi, kwa sababu wao huandaa barafu na fedha. Ukishapata mwezi, tafuta mwandamo na mpevu wake, kisha hesabu siku moja au mbili mbele, maana maji makubwa hasa huja kidogo baada ya mwezi wenyewe. Hapo una makisio mazuri. Piga simu tena siku mbili kabla, kwani upepo mkali, msiba kijijini au ratiba ya mgeni rasmi huweza kuisogeza siku.

Unguja, wakati wa bamvua, maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ratiba yako yote ijengeke juu ya saa hiyo. Watu huanza kuingia maji yakiwa bado yanatoka, karibu saa mbili au saa mbili na nusu, na hutoka yakianza kurudi. Wewe uwe kijijini saa moja na nusu. Kutoka mjini hadi Kizimkazi ni zaidi ya kilomita 50 za lami. Daladala husimama sana njiani, kwa hiyo siku hii kodisha gari mkiwa kikundi, au lala kijijini usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kama siku imeangukia Ramadhani, usitarajie chakula mchana. Nunua, ubebe, upike baada ya magharibi.

Hodi kabla ya kamera

Ukifika, usielekee pwani moja kwa moja. Nenda kwa sheha au kwa mtu wa kamati, jitambulishe, sema umekuja kuona na kununua, uliza utaratibu wa wageni. Kila kijiji kina wake: wapo wanaotoza kiingilio kidogo kinachoingia mfuko wa doria, wapo wanaokupa mtu wa kukuongoza, wapo wanaokukataza kushika chombo chochote cha kuvulia. Yote hayo ni haki yao. Miezi yote ile wao ndio waliolinda usiku.

Mavazi yawe ya heshima, mabega na magoti yamefunikwa, hata kama unaingia majini. Mwanamke akiwa na kanga ya ziada imemfaa sana, kwa jua na kwa stara. Wazee waamkie. "Shikamoo bibi, za asubuhi? Naomba kukufuata nione unavyochokoa." Ukiitikiwa marahaba na ukaambiwa twende, umepata mwalimu wa siku nzima. Picha uombe kwa mdomo, tena kabla ya kuinyanyua simu, kwa sababu wengi hawapendi kupigwa wakiwa wamelowa.

Vitu vya kubeba

Viatu vya plastiki vyenye soli ngumu vinavyofungwa mguuni ndivyo vya kwanza. Kandambili hazifai, zinanasa na kukatika. Beba kofia, maji ya kunywa ya kutosha, noti ndogondogo, kisu, mifuko miwili mitatu ya plastiki nzito isiyovuja, na deli lenye barafu uliloliacha kwenye gari. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ongeza ndimu mbili na chumvi ya pilipili kwenye kikopo. Utanishukuru saa saba.

Mwambani

Hapa ndipo penye siku yenyewe, kwa hiyo usiharakishe.

Kabla ya watu kuingia kutakuwa na dua na maneno ya viongozi, pengine na ngoma. Kisha ishara inatolewa, na watu huondoka kwa kasi. Wewe kaa nyuma. Muache aliyengoja miezi mitatu apite. Wanaume wenye miwani na mikuki wataelekea ukingoni kwenye maji marefu. Wanawake na vijana watatawanyika juu ya mwamba, na hao ndio wa kuwafuata, hatua chache nyuma, upande ambao kivuli chako hakiangukii wanapotazama.

Tazama macho yao kabla ya mikono yao. Mchokoaji mzoefu hatafuti pweza, anatafuta nyumba yake. Pweza hula kaa na konokono kisha hutupa maganda mlangoni, kwa hiyo mahali penye tundu na maganda mapya ya kaa, na vijiwe vilivyosogezwa kuziba mlango, pana mwenyewe ndani. Ukipaonyeshwa mara ya kwanza hutaona kitu ila jiwe. Ukizidi kutazama, sehemu moja ya jiwe inavuta pumzi.

Mwanamke anaingiza kijiti taratibu na kukitikisa kidogo. Pweza, ambaye huyu wa kwetu huwinda mchana na hana subira na jirani, anakishika. Hapo asiyejua huvuta kwa nguvu, na pweza huzidi kujibana, vinyonyeo vyote kwenye ukuta wa pango. Anayejua hulegeza. Anamwacha avute, anachokoza tena upande wa pili, mpaka mkono mmoja unatoka, kisha wa pili, na rangi yake inageuka mbele ya macho yako: kahawia, mabaka meupe, wekundu wa hasira. Akitoka nusu, anamshika kichwani na kukipindua ndani nje kama soksi. Anakufa hapohapo na rangi inamwondoka, anabaki mweupe wa kijivujivu. Wino ukikurukia, suuza kwa maji ya bahari mapema, ukikauka nguoni hautoki.

Sasa usalama wako. Kanyaga mchanga au mwamba mtupu, usikanyage matumbawe hai. Yanavunjika na yanakata. Ukigeuza jiwe kutazama chini yake, lirudishe lilivyokuwa. Usitie mkono kwenye tundu lolote, kwani mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anapenda mapango yaleyale na meno yake ni mabaya. Usiokote konokono wenye ganda zuri la umbo la pia, baadhi yao wana mchomo wenye sumu ya kuua. Na mchunge bocho, yule samaki anayefanana na jiwe lililoota ukungu. Miiba ya mgongoni mwake ina sumu kali, na ndiyo sababu nimesisitiza soli ngumu. Mtu akichomwa, atolewe majini, mguu uwekwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku safari ya hospitali ikipangwa.

Ukiona wanawake wanaanza kugeukia ufukweni, geuka nao, hata kama bahari inaonekana bado imetulia. Maji ya bamvua yanarudi kwa haraka, tena hujaa kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu.

Mizani na mnada

Kutakuwa na hotuba. Ukilazimika kuchagua kati ya hotuba na mizani, nenda kwenye mizani. Pweza wanaletwa kwenye mitungo na ndoo, kila mmoja anapimwa, na mtu wa kamati anaandika daftarini jina na uzito. Ndiyo hesabu ya msimu mzima, na utaona watu wakisogea kutazama daftari kuliko wanavyotazama jukwaa. Ukiomba kwa adabu utaonyeshwa kurasa za ufunguzi uliopita.

Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Popote ulipo, shika kipimo hicho kama chako. Ukiletewa mdogo pembeni kwa bei nafuu, nyuma ya banda, usinunue. Anayekuuzia anauza ufunguzi ujao.

Bei mara nyingi kamati huwa imekwisha kukubaliana na wanunuzi wakubwa kabla ya siku, kwa kila kilo. Uliza bei hiyo kwanza, kisha nenda kwa mchokoaji uliyemfuata asubuhi na umlipe hiyo au zaidi kidogo. Mazungumzo ni mafupi:

"Bibi, huyu kilo ngapi?"

"Moja na robo. Mizani ile pale, kapime."

"Nimekuamini. Niongezee na yule mdogo wake."

Mpe fedha mkononi mwake mwenyewe. Wapo kaka na waume wanaojitokeza ghafla wakati wa malipo.

Namna ya kumchagua

Pweza mzuri ananukia bahari tu. Ngozi yake haijachubuka, macho yana uangavu, na ukiweka kidole kwenye vinyonyeo vyake, aliyetoka majini muda huo hukushika bado. Akianza kuwa na wekundu wa waridi ambao si rangi yake, na harufu inayopanda puani, mwache.

Kuna hila moja ya kuijua. Pweza akilowekwa kwenye maji baridi yasiyo ya bahari hunywa maji hayo, akavimba na kuongeza uzito. Mizani inampenda, sufuria haimpendi. Huyu huwa laini kupita kiasi, anang'aa na kutepeta, na ukimbonyeza anatoa maji. Mchukue aliyekaza. Kwa ukubwa, nyumbani mimi hupendelea wa kilo moja hadi moja na nusu: mikono imeshiba, na haulizi moto wa kutwa nzima.

Hesabu ya walaji usiikosee. Pweza akiiva hupungua karibu nusu, kwa hiyo kilo moja mbichi inawatosha watu watatu, au wanne wenye wali mwingi.

Kula palepale

Kaa mahali penye sufuria nyingi na wanawake wengi. Utakuta pweza wa nazi na wali, pweza wa kukaanga, supu, na wa makaa. Anza na supu, kwenye kikombe, moto, na ndimu yako. Inasifiwa sana kwa nguvu za kiume na wauzaji hawatakuacha usisikie. Mimi naisifu kwa chumvi ya bahari iliyomo, ambayo hakuna mpishi anayeweza kuitia. Kisha wa makaa. Ukimtazama akiwekwa utaelewa waliosema pweza hujipalia makaa: mikono inajikunja na kuuvuta moto juu yake. Aombwe aliyechemshwa kwanza kisha akachomwa. Anayewekwa mbichi moja kwa moja huwa mkavu nje na mpira ndani.

Ukishiba na jua likiwa kali, Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Unatumika kwa sala mpaka leo. Vua viatu, omba ruhusa, ingia kwa utulivu.

Kumsafirisha

Mwombe aliyekuuzia akutolee matumbo, kifuko cha wino, macho na lile domo gumu lililo katikati ya mikono. Wengi hufanya kwa dakika mbili. Mtie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge vizuri, ndipo uzungushie barafu. Asikae kwenye maji ya barafu inayoyeyuka, kwa sababu ileile ya kuvimba. Ukipanda boti ya kwenda Dar, weka deli pasipo na jua, lifungwe kwa utepe wa gundi ili maji yasimwagikie mizigo ya wenzako. Akifika ndani ya saa sita saba, barafu ikiwa bado ipo, ni salama.

Kumpika nyumbani

Mkwaruze kwa chumvi nyingi, kichwa na mikono, mpaka ute wote utoke, kisha suuza. Halafu mlainishe. Kijijini hupigwa juu ya jiwe, na ukiwa na uwanja fanya hivyo, vipigo vingi vya wastani kuliko vichache vya hasira. Mjini njia rahisi ni kumgandisha kwenye friza usiku mmoja au miwili na kumyeyusha polepole. Barafu huvunja nyuzi za nyama na kazi ya jiwe inakwisha.

Mweke kwenye sufuria yenye kifuniko na kikombe kimoja tu cha maji. Usitie chumvi. Atatoa maji yake mwenyewe mekundu, mengi, na yana chumvi tayari. Moto mdogo, dakika 45 hadi saa moja kwa wa kilo moja na nusu. Choma kisu kwenye shina la mkono, mahali panene zaidi: kikiingia bila kukwama, ameiva. Zima moto, mwache apoe ndani ya maji yake nusu saa, ngozi haitachunika. Kisha mkate vipande vya kidole.

Kwa mchuzi, chukua nazi mbili uzikune. Kamua tui zito uliweke pembeni, kisha tui jepesi. Kaanga kitunguu, tia thomu na tangawizi iliyotwangwa, bizari ya manjano, nyanya mbili, pilipili mbuzi nzima usiipasue. Mimina tui jepesi na vikombe viwili vya maji ya pweza, lete kwenye mchemko, tia vipande, acha mchuzi upungue robo saa. Onja chumvi hapo, si kabla. Mwisho tui zito, ukikoroga upande mmoja bila kuacha mpaka lianze kutokota, kamulia ndimu, epua.

Maji mekundu yaliyobaki usiyamwage. Yagandishe kwenye vikopo; kikopo kimoja kinatosha kuupa wali wa nazi wa siku nyingine ladha ya mwamba. Na mchuzi ukilala, upashe kwa moto mdogo sana, kwa sababu tui likichemka mara ya pili kwa nguvu hukatika.